Mizani Kumi na Nane za Viola

Apolena Kudrnova alianza kupiga viola akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ileile ilipofika barua ya jeshi kwamba kaka yake, Jakub, amefia kambini kwa homa. Jakub ndiye aliyekuwa mpiga viola wa nyumba. Baba yao, Vavrinec Kudrna, jina ambalo kwa wanawake wa huko huwa Kudrnova, alikuwa mwalimu wa shule na mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo wa jimbo la Moravia, na kwa miaka minane alikuwa akikutana na wenzake kila Alhamisi baada ya vipindi ili wapige kwarteti, yaani muziki wa watu wanne tu: fidla mbili, viola, iliyo kubwa kidogo na yenye sauti nzito kuliko fidla, na selo ya kushikwa magotini. Fidla ya kwanza aliishika mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya Tobias Holub, muuza dawa. Selo ilikuwa ya Havel Pokora, mtengeneza ngozi, mtu mnene ambaye mikono yake ilinuka magome ya mwaloni aliyolowekea ngozi hata siku ya Pasaka.

Alhamisi ya barua hawakupiga. Alhamisi iliyofuata walikuja, wakakaa, wakakitazama kiti cha Jakub, na Holub akaanza kuirudisha fidla yake sandukuni. Apolena akatoka jikoni na unga mikononi, akajifuta kwa aproni, akaitungua viola ukutani, akaketi.

Hakumwomba mtu ruhusa. Kaka yake alikuwa amemfundisha kimyakimya kwa miaka mingi, mlango ukiwa umefungwa. Siku hiyo walipiga ovyo, wakapotezana mara nne, na Pokora alilia mwanzo hadi mwisho bila kuuachia upinde wake. Hakuna aliyemtajia Apolena habari ya kuondoka pale kitini.

Mwezi haukuisha paroko akatuma ujumbe. Alisema kinanda si neno, kinubi si neno, lakini msichana kubana chombo kidevuni na kurusha kiwiko mbele ya wanaume watatu ni jambo la kusemwa mji mzima. Kudrna alikuwa mtu mpole, mtu wa kuomba radhi hata alipokanyagwa yeye, na paroko ndiye aliyemwandikia mshahara. Hata hivyo alimjibu mjumbe papo hapo, akiwa amesimama mlangoni na chaki mkononi.

"Mwambie Baba Paroko aniletee mwanamume mmoja wa mji huu anayeweza kusoma noti za viola. Akimleta leo, binti yangu nitamtoa kesho."

Paroko hakumpata. Apolena akabaki.

Kudrna alikuwa pia mtunzi. Alitunga kwenye migongo ya karatasi za shule, watoto wakishaondoka na jiko likiwa bado na joto. Mjini walilichukulia jambo hilo kama mazoea ya mtu anayefuga njiwa. Lakini wale watatu waliopiga nyimbo zake walijua wana nini mikononi. Viola ya watunzi wengine ilikuwa kama mgeni mnyonge mezani: inaitikia "naam, naam" tangu supu hadi keki, haiulizwi kitu. Viola ya Kudrna ilisema. Ilibisha, ilichokoza, mara nyingine ndiyo iliyoanzisha maneno na fidla ya kwanza ikalazimika kujibu. Na tangu Apolena akae kwenye kile kiti, ilizidi kusema.

Katika miaka miwili alimaliza kwarteti sita. Katika ile ya nne, sehemu ya polepole, aliwanyamazisha wote wawili wa fidla na yule wa selo, akawaacha wadonoe nyuzi kwa vidole tu, taratibu, kama matone ya theluji inayoyeyuka paani. Juu ya matone hayo viola peke yake iliimba mizani kumi na nane, yaani vipande vidogo kumi na nane vya mapigo sawa. Siku walipoipiga mara ya kwanza Holub alisahau zamu yake ya kuingia. Kudrna hakusema wimbo ule ni wa nani, wala Apolena hakuuliza. Wote wanne walimfikiria Jakub.

Apolena ndiye aliyezinakili zote sita kwa mwandiko safi, na mwaka 1803 wakazituma Vienna kwa mchapishaji mmoja, Gotthard Zwettler. Wakangoja jibu. Mwaka ukapita, na wa pili. Kudrna aliandika kuuliza, kwa adabu, kisha kwa adabu zaidi, kisha akaacha.

Mwaka wa nne, mwezi wa Oktoba, Pokora alirudi kutoka Vienna alikokwenda kuuza ngozi, akaja na zawadi ya kundi: kwarteti sita mpya, zilizochapishwa vizuri, za mtunzi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai. Jina lake siliweki hapa kwa sababu yeye mwenyewe hakujua lolote juu ya jambo hili. Alikuwa mzee, hatoki nyumbani, na wachapishaji walikuwa wakilitumia jina lake kama watu watumiavyo kisima cha mtaa. Vienna nzima, Pokora alisema, inapiga hizi. Bila hizi huna cha kuzungumza.

Mke wa Holub alikuwa ameleta keki ya mbegu za mpopi. Waliiacha kwanza, wakapanga karatasi, wakakaza nyuzi. Kudrna akatoa ishara kwa kichwa.

Hawakufika mbali. Pokora ndiye aliyeacha kupiga wa kwanza, ingawa alikuwa mzito wa kushtuka kuliko wote. Aliitazama karatasi, akamtazama Kudrna, akaitazama tena karatasi. Holub aliendelea peke yake kidogo, kisha akaushusha upinde.

"Vavrinec," akasema. "Hii si yetu?"

Kudrna aliweka fidla magotini. Alifungua ya pili, ya tatu, akaenda hadi ya sita, anasoma kwa macho tu, midomo ikitembea. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta, akasema waendelee, maana itakuwa aibu karatasi nzuri hivi zisipigwe. Wakaendelea, kwa kuwa hawakujua la kufanya. Wakapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika ya nne wakafika sehemu ya polepole. Fidla zikashuka. Apolena akavuta pumzi, akaunyanyua upinde kuuanza ule wimbo, na wimbo haukuwepo. Karatasi yake iliruka moja kwa moja hadi mwisho, kama ngazi iliyong'olewa kidato katikati, na wote wanne wakajikwaa hapo kwa pamoja.

Hapo ndipo hasira yake ilipozaliwa, na haikumtoka tena maisha yake yote. Jina la baba yake wameliiba, sawa, wezi huiba. Lakini wameiba kisha wakakata.

Holub alitaka waandike barua kwa mkuu wa wilaya. Kudrna alikataa. Alisema sheria haina kitu cha kumsaidia mtunzi asiyejulikana, na hapo alisema kweli. Baada ya wageni kuondoka alimwambia binti yake amwache apumzike.

"Zinapigwa, Apolena. Mwenyewe umesikia. Zinapigwa Vienna."

"Zinapigwa zikiwa kilema, baba."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Na wewe unajua. Ulikuwa unasoma hapa, nimeona ulivyourudia ukurasa ulipofika ya nne."

Gari la Pokora liliporudi Vienna mwezi wa Machi, Apolena alikuwa juu yake kati ya marobota ya ngozi, na viola imefungwa ndani ya blanketi. Kudrna alisimama njiani bila kofia mpaka gari likakata kona. Hakumruhusu aende, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amemfungia kwenye karatasi ngumu ile rasimu yake ya kwanza ya kwarteti ya nne, na kuiweka juu ya mkate wake wa safari.

Zwettler alimpokea dukani kwa upole mkubwa. Alikuwa mtu wa mashavu mekundu na vifungo vya fedha, na hakukana hata neno moja. Jambo hilo ndilo lililomshangaza Apolena. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana.

"Binti yangu," Zwettler alisema, "baba yako ni fundi. Nimesema hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini niambie, nani Vienna atafungua mkoba wake kwa ajili ya Kudrna? Kudrna ni nani? Nimempa mzee wako jina ambalo milango yote inalifungukia. Angekuwa mtu wa shukrani angeniletea bata wa kunona."

"Na mizani kumi na nane?"

Zwettler alihitaji kukumbushwa ni zipi. "Ah, zile. Zingenilazimu kuchonga bamba zima jingine la kuchapia. Kwa ajili ya viola, binti yangu. Viola."

Kisha akamwambia kwamba mzee akiwa na sita nyingine atazipokea kwa utaratibu uleule, na safari hii atamlipa. Apolena akamjibu kwamba hata baba yake angekuwa nazo, kabla ya kumletea yeye angeziwashia jiko. Akatoka.

Hakurudi nyumbani. Alipanga kitanda kwa mfua nguo mmoja nje ya lango la jiji, akatafuta kazi kwenye chumba cha wanakili, ambako watu wasioweza kununua muziki uliochapishwa walikuja kununua ule wa mkono. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume waliokuwamo. Msimamizi akampa meza karibu na dirisha. Na haikupita wiki mteja akaagiza zile kwarteti sita.

Apolena akazinakili. Juu ya ukurasa wa kwanza, palipotakiwa jina kubwa, akaandika: Vavrinec Kudrna, mwalimu. Na katika ya nne akazirudisha mizani zake kumi na nane, kila moja mahali pake.

Alifanya hivyo mara saba. Wateja wengine hawakugundua, wengine walidhani Kudrna ni mnakili. Mara ya saba msimamizi aliziona karatasi kabla hazijafungwa. Alimwuliza kama ana wazimu. Apolena akasema hana. Msimamizi akamwambia afute lile jina. Apolena akakataa, akaosha kalamu yake, akavaa shali. Wale wanaume waliinama juu ya meza zao kama watoto wa shule wakati mwenzao anachapwa, ila mmoja, mzee mwenye makengeza, alinong'ona alipopita: "Hizo mizani ni nzuri, dada. Mimi nami nimezirudisha kwenye yangu."

Nakala mojawapo kati ya zile, ya viola peke yake, iliishia kwenye nyumba ya Kreszentia Auhuber, mjane wa mfanyabiashara wa hariri. Kila Jumapili baada ya misa watu walijaa kwake kusikiliza kwarteti. Wapigaji wake walikuwa na zile za Zwettler, isipokuwa ya viola iliyomwagikiwa na chokoleti, ndiyo maana wakanunua ya mkono. Walipofika kwenye sehemu ya polepole ya ile ya nne, watatu waliruka na wa viola akaendelea kuimba peke yake mbele ya wageni. Watu walicheka. Kiongozi wao, Ignaz Pirringer, karani wa ofisi ya chumvi, mtu mkavu asiyependa kuchekwa, aliapa atamtafuta huyo mnakili.

Kwa kuulizia kwenye chumba cha wanakili, alimpata kwa mfua nguo, amekunja mikono ya gauni, anasaidia kukamua mashuka. Akamkaripia hapo hapo. Kwamba amethubutu kuongeza mambo yake kwenye kazi ya mtu mkubwa. Kwamba amewaaibisha watu wazima.

"Sikuongeza kitu, bwana," Apolena alisema. "Nimerudisha. Pale mnaporuka, hamjawahi kujikwaa hapo?"

Pirringer alipajua. Mwaka mzima walikuwa wakijikwaa hapo. Walikuwa wamebishana juu yake, wakakubaliana kwamba ni utani wa mzee ambao wao hawana akili ya kuufahamu.

"Jumapili," akasema hatimaye. "Njoo na karatasi za wote wanne. Lakini ujue, Zwettler mwenyewe huwa yupo."

"Vizuri," alisema Apolena. "Mwambieni asikose."

Jumapili hiyo alivaa gauni lake la pekee, lililokuwa bado na harufu ya ngozi za Pokora. Zwettler alikuwa amekaa karibu na dirisha na kikombe chake. Alimwona, akatabasamu, akaendelea kunywa. Mpiga viola wa nyumba ile alikuwa meja mstaafu, na alipoambiwa ampishe mwanamke alimtazama Apolena kuanzia viatu kupanda juu, kisha akainuka pole pole, akakisukuma kiti kuelekea kwake kwa ncha ya buti.

"Haya, bibie. Tuone kiwiko hicho."

Walipiga ya nne tangu mwanzo. Apolena hakufungua karatasi yake. Wengine waliweka rasimu ya Kudrna, ambayo Apolena aliinakili upya kwa ajili yao, na kwenye sehemu ya polepole fidla zilishuka, selo ikashuka, matone yakaanza, na yeye akaimba mizani zake kumi na nane mbele ya mji ule wote wa hariri na vifungo vya fedha. Hakupiga kwa ulaini. Wasikilizaji walisema baadaye kwamba alipiga kama mtu anayedai kitu chake kwenye kaunta na hana nia ya kuondoka bila hicho kitu. Wimbo ulipoisha ile ngazi ilikuwa na kidato chake, na wanne wakapita juu yake bila kujikwaa hata kidogo.

Pirringer aliomba wairudie ile sehemu. Wakairudia.

Zwettler akaweka kikombe chini. Alisema ni kazi nzuri, hasemi siyo, lakini msichana yeyote mwenye kipaji angeweza kutunga kiraka cha namna ile na kukishonea kwenye nguo ya mtu mkubwa.

Pirringer akageuka kitini. "Bwana Zwettler, kiraka hushonwa palipotoboka. Ni nani aliyetoboa?"

Watu wakamtazama mchapishaji. Akaanza kueleza habari za mabamba, na bei ya karatasi wakati wa vita, na jinsi umma unavyotaka majina unayoyajua, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kukiri. Apolena hakumsaidia wala kumkatiza. Aliposema kwamba mwalimu wa shule wa kijijini anapaswa kufurahi, ndipo Apolena alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Anafurahi kuzitunga, bwana. Wewe huna sehemu katika hiyo furaha. Ondoa mkono wako."

Mjane Auhuber alikuwa ameketi wakati wote huo. Aliinuka, akazichukua karatasi zake zilizochapishwa, akaagiza kalamu na wino. Akalikata lile jina kubwa kwa mstari mnene, akamwuliza Apolena jina la baba yake linaandikwaje. Zwettler akamwambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba anaharibu kitu cha thamani.

"Nilikinunua," mjane alisema. "Ni changu kukiharibu. Haya, mwanangu: K, kisha?"

Ingependeza kusema kwamba mambo yalibadilika. Zwettler aliendelea kuchapisha zilezile kwa jina lilelile, na akaenda kwenye kila chumba cha wanakili kuhakikisha Apolena hapati meza. Kilichobadilika ni kidogo: katika nyumba kumi, kumi na mbili za Vienna, watu walikata jina na kuandika jingine, na yule mzee mwenye makengeza aliendelea kuzirudisha mizani kwa siri hadi macho yake yalipokufa.

Apolena alirudi Moravia mwezi wa Septemba na barua ya Pirringer yenye kurasa nne. Kudrna aliisoma akiwa amesimama darasani, watoto wakimtazama. Aliikunja, akaitia kifuani, akawaruhusu watoto waende nyumbani kabla ya saa. Majira hayo ya baridi alitunga kwarteti ya saba. Inaanza na viola peke yake, kwa nguvu, na waliokuwa wamezoea upole wake walishtuka. Aliandika jina lake kwenye ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa hivi kwamba Holub alimwuliza kama macho yamezidi kumharibikia. Alifariki baada ya miaka miwili. Ya saba haikuchapishwa kamwe, lakini Apolena aliinakili kwa yeyote aliyeitaka, na akahesabu watu arobaini na mmoja.

Mpwa wa Holub alimposa, kijana mzuri, mwenye duka lake katika mji wa Jihlava, kwa sharti la kuacha viola. Apolena alimshukuru kwa kuja, akamfungia keki ya njiani. Akaanza kufundisha wasichana wa mji, watatu kwanza, kisha tisa. Paroko mpya aliuliza maswali yaleyale ya paroko wa zamani. Apolena alimwalika Alhamisi, akamwekea kiti, na baada ya mwaka paroko alikuwa akipiga selo ya marehemu Pokora, vibaya, lakini bila kukosa Alhamisi hata moja.

Mwaka 1857 alipita karani wa serikali kuhesabu watu. Apolena alikuwa na miaka sabini na mitano, vidole vimepinda kama mizizi. Karani aliuliza jina, akauliza kazi. Akajibiwa: mpiga viola.

Yule kijana akasema kwa heshima kwamba hiyo si kazi ya mwanamke kwa mujibu wa daftari lake, na bora aandike "binti wa mwalimu, hana kazi", maana ndivyo anavyoandika kwa mabibi wote wa hali yake.

"Kaa chini, mjukuu wangu," Apolena alisema. "Nje kuna baridi, na mimi sina haraka."

Alikaa karibu saa nzima, daftari magotini, wino ukimkaukia. Mwishowe akaandika kazi aliyoambiwa. Alikosea herufi mbili. Apolena alivaa miwani, akasoma, akamwambia asahihishe, akasahihisha.